Kuvuta Kushoto

Usiku wa Septemba, bonde la Wairau, Nyuzilandi.
Kipimajoto kinashuka polepole: mbili na nusu, mbili.
Kazi yangu ni kulinda zabibu zisichomwe na jalidi.
Kikigonga sifuri, nawasha feni kubwa shambani,
zile zilizosimama juu ya milingoti
kama ndege zilizonyang'anywa mbawa.
Hakijagonga bado. Basi nakaa bandani:
chai ya chupa, hita ya gesi, kompyuta,
na dude langu.

Ndiyo, dude. Lina pua ya kiazi,
tumbo la mja mzito wa mapacha,
na miguu isiyokunjwa, hata angani inaning'inia
kama ya mtu aliyepanda kitandani na viatu.
Mlango wake ni uso: unapasuka katikati,
shavu huku, shavu kule,
na magari yalipita kinywani.
Rubani alikaa ghorofani, akipanda kwa ngazi.
Waliolibuni hawakuwa na haja ya kusifiwa.

Miaka minne naichonga ndege hii.
Sijui tena kama ni mchezo au maradhi.
Nimehesabu ribiti za ubavu wa kulia kwenye picha kuukuu,
nikazipanda moja moja mpaka kipanya kikanitia sugu.
Nimeufundisha mshale wa oili kutetemeka,
rangi ya bawa kuchakaa pale buti zilipokanyaga,
breki za hewa kupiga mluzi, kukohoa, kupiga mluzi.

Kitu kimoja kilinishinda.
Ikigusa ardhi, ilivuta kushoto.
Wiki tatu nilikagua hesabu: uzito, upepo, tairi.
Mwishowe nikachomeka mstari mmoja wa msimbo, mstari wa ujanja,
ikanyooka.
Nikalala usingizi wa pono.

Jumanne nikampelekea Desmond Tuhiwai.
Hakuwa rubani. Alikuwa mpakiaji: farasi, kondoo, betri,
jeneza mara mbili, piano iliyopotelewa na sauti njiani.
Ana miaka themanini na minne na hapendi kushikwa bega.
Akaitazama inavyotua. Akaitazama tena.
"Nzuri," akasema. "Ya nani?"
"Yenu."
"Yetu ilivuta kushoto. Kila rubani alikuja na dua yake
na mguu wake wa kulia. Hii yako imepelekwa shule."
Kisha akaomba biskuti.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Huyu nilimkuta mkavu, kapinda kwa miaka yake,
nikamnyoosha kwa nguvu, likavunjika jina.

Usiku huu nimeufuta ule mstari.
Nimetua mara kumi na moja. Mara sita nimeishia nyasini.
Mguu wa kulia unaniuma, nami najiona
kama mtu aliyetambulishwa leo
kwa mtu anayeishi naye.

Harufu, bado siiwezi. Desmond alisema sakafu ilinuka
mkojo wa farasi, na siku za mvua, sufu iliyolowa.
Hakuna msimbo wa sufu iliyolowa.

Saa tisa na robo kengele inalia. Sifuri.
Naiacha ndege uwanjani, injini zikinguruma taratibu,
nakimbia gizani, nyasi zikikatika kama glasi chini ya buti,
nawasha feni: ya kwanza, ya pili, ya tano,
mpaka bonde zima linavuma
na halitoki lilipo.

Alfajiri narudi, vidole vimekufa ganzi.
Kwenye kioo bado inawaka, pua yake ya kiazi kaskazini.
Imekunywa mafuta usiku kucha, kama nilivyoipangia.
Lakini tangi la kushoto limepungua kuliko la kulia,
na hilo sikuliandika mimi.

Saa kumi na mbili. Desmond huamka saa moja.
Nangoja, simu mapajani.
Sigusi kitu.